Lambo likibaki tope

Mwezi wa kumi hapa Tabora ni jua tu. Malambo yameshuka, ukipita njiani utasikia watu wanasema lile lambo la kule limeshakufa, yaani maji yamerudi katikati na pembeni pote kumebaki tope jeusi limetobolewatobolewa na kwato za ng'ombe. Mimi hilo neno la limekufa linaniuma kweli, maana huu ndio msimu ambao pale ukingoni kuna uhai kuliko hata mwezi wa pili maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani. Leo nimerudi jioni, tope mpaka magotini, roho kwatu, nikasema niandike kabla sijalala.

Nawazungumzia wale ndege wadogo wa kijivu na kahawia wanaokimbia kwenye tope, vitwitwi na ndugu zao. Hawana rangi za kukuvuta macho na ukiwa mbali utadhani wote ni wamoja, ila kaa chini ya kivuli nusu saa na bainokula hata ya bei rahisi utaanza kuona kila mmoja ana sehemu yake. Yule mdogo kabisa ana mdomo mfupi, anadonoa juujuu tu ya tope, haraka haraka, hainui kichwa. Mwingine kamzidi mwili kidogo, ana madoa meupe mgongoni, anatembea kwenye maji ya kina cha kidole na mkia unatikisika. Kuna mwenye mdomo mrefu umepinda juu kidogo, huyo anaingia majini na kufukuza viluwiluwi kabisa, anakimbia nao zigzagi. Halafu yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu ya pinki anaenda kina ambacho wenzake hawafiki. Na mwenye mdomo mrefu kuliko wote anachomeka wote kwenye tope mpaka machoni, ncha ya mdomo wake inahisi minyoo ambayo haionekani. Kwahiyo mita tatu za tope wamegawana wote na hakuna ugomvi, na wote wanategemea ule mstari mwembamba tu kati ya maji na nchi kavu, maji yakiwa mengi mstari haupo, yakikauka kabisa haupo vilevile.

Kinachonigusa zaidi ni wanakotoka. Wengi wa hawa wamezaliwa kaskazini kabisa mwa dunia, Skandinavia, Urusi, mpaka Siberia kwenye zile nchi za barafu. Yule mdogo nilomtaja ana uzito wa gramu 20 mpaka 30 hivi, na kiangazi cha kule jike anaweza kutaga mara mbili, mayai ya kwanza anamwachia dume ayaatamie, ya pili anayaatamia mwenyewe, kwasababu joto la kule ni la muda mfupi na hakuna wa kupoteza siku. Kwa wengi wa jamii hii wakubwa wanaondoka mapema, vijana wanafuata baadaye peke yao, hawajawahi kuiona Afrika na hakuna wa kuwaonyesha njia. Wanaanza kuonekana huku kwetu kuanzia mwezi wa nane na ikifika wa nne wengi wameshaondoka. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hiyohiyo (mkubwa zaidi, siyo wa njia yetu) alifungwa kifaa cha setilaiti Alaska, na akiwa na umri wa miezi 5 tu akaruka mpaka Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua popote. Nikiwaza hilo, halafu namuona kinda wa mwaka huu anakula kwenye alama ya kwato ya ng'ombe wa mtu, nashindwa kuondoka.

Na hao ng'ombe tusiwalaumu haraka. Samadi yao inarutubisha tope, wadudu na minyoo wanaongezeka, majani yanakuwa mafupi, zile alama za kwato zinashika maji yakawa vidimbwi vidogo vya chakula. Shida inakuja wakizidi, hapo wanakanyaga viota.

Maana si wote ni wageni, kuna wenyeji wanaotaga hapohapo. Leo nilikuwa natembea upande wa juu palipokauka, kijana mmoja mchunga ng'ombe akaniita kwa nguvu.

"Anko! Hapo usikanyage, kuna mayai."

Nikaangalia chini sioni kitu, udongo tu na mavi makavu ya ng'ombe. Nikamuuliza yako wapi.

"Kayafukia. Njoo huku ukae, atarudi."

Tukarudi nyuma mpaka kwenye kichaka, na kweli akaja yule ndege, mdogo, kifua cha rangi ya udongo mwekundu mwekundu, mstari mweusi umepita jichoni unashuka shingoni. Anakimbia, anasimama, anakimbia. Akafika, akachezesha miguu akatoa udongo, mayai mawili yakaonekana, nusu yako ndani ya udongo bado, akajilaza juu. Baadaye ndama mmoja akasogea kule. Alinyanyuka, akazunguka palepale akipiga teke udongo kwa miguu, sekunde chache mayai hayapo, naye akaondoka anatembea zake taratibu utadhani hajui chochote. Kijana akapiga mluzi akageuza kundi lote lipite upande wa pili. Hajaambiwa na mtu kufanya hivyo, anasema anajua tu viko wapi maana kila siku yuko pale.

Tunapoongelea maeneo ya ndege huku magharibi watu wanataja Malagarasi-Muyovozi, na ni haki yake, hekta milioni 3.25, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, na korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, yuko kule. Wengine wanataja bonde la Wembere. Ila kitwitwi hajui mkataba, anashuka popote penye tope zuri, mabwawa ya Igombe na Kazima, majaruba ya mpunga, mpaka lambo dogo la kijiji ambalo halina hata jina kwenye ramani.

Sasa hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Malambo yanajaa mchanga na lazima yachimbwe, hilo silipingi hata kidogo, watu na mifugo wanataka maji. Ila lambo la kijiji cha jirani lilichimbwa na mtambo wa kijiko mwaka jana, kingo zote zikaachwa wima kama ukuta, maji yapo lakini hakuna pa kusimama ndege wala pa kushukia ng'ombe, ndama wanateleza na wachungaji wanahangaika kuchota kwa ndoo. Upande mmoja tu ungeachwa mteremko wa polepole ingetosha kabisa, maji yangeshuka kidogokidogo na tope lingekuwa linafunguka wiki kwa wiki mpaka mvua ya mwezi wa kumi na moja. Ng'ombe wanafaidi, ndege wanafaidi, na kina kirefu kinabaki katikati kwa ajili ya watu.

La kwetu nalo limeshapangiwa kuchimbwa. Jioni nikapita kwa mzee mmoja wa kamati ya maji, nikamsalimia shikamoo nikamweleza yote pamoja na mambo ya mayai, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mimi nikilisema hilo watasema mzee anatetea ndege. Njoo mkutanoni useme mwenyewe, na huyo mchungaji uje naye, watu wa ng'ombe watamuelewa yeye kuliko wewe."

Nimeshaongea na baba yake yule kijana. Amekubali, ila mkutano uwe baada ya ng'ombe kunywa maji.