Siku yangu moja kwenye duka la dawa, Chake Chake

Saa 1:30 asubuhi nafungua, nafagia, naandika joto la friji kwenye daftari. Mpaka saa 3 ni Panadol, dawa za minyoo, na mzee mmoja aliyevimba vifundo vya miguu kwa amlodipine, dawa ya presha. Dawa ile ina tabia hiyo. Nikamwambia arudi kwa daktari wake, asiikate mwenyewe.

Saa 4 kasoro akaingia bibi na kijana wake, kaziba mdomo kwa pindo la kanga.

"Mwanangu, nipe Piriton. Pweza wa jana kanidhuru."

Alipojifunua, mdomo wa juu umejaa upande mmoja, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Vipele hana, wala hajikuni. Nikamuuliza dawa anazotumia.

"Ya presha tu. Mwaka wa pili huu, haijanifanya kitu."

Akafungua fundo la kanga. Enalapril.

Nikasema Piriton siuzi, aende hospitali sasa hivi. Kijana akapandisha sauti: kazi yangu kuuza, udaktari kanipa nani? Nyuma yao watu watano, mmoja anagonga sarafu kwenye kioo. Nikamweleza: enalapril, captopril na lisinopril huzuia kimeng'enya ambacho pia huvunja bradikinini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa. Ikirundikana, mishipa midogo huvujisha maji, uso unavimba. Huweza kutokea wiki ya kwanza au baada ya miaka, na sisi watu weusi hutupata zaidi. Piriton hupambana na histamini, kemikali ya mzio, ugomvi mwingine kabisa. Akasema pweza. Nikasema dawa. Akasema pweza.

"Bibi, nitolee ulimi."

Ulimi ulikuwa mnene, na alipojibu, sauti ilitoka kama ana tonge mdomoni. Hapo sikubishana tena. Ulimi na koo vikivimba, pumzi hufungika. Nikafunga droo ya pesa, nikatoka barabarani kusimamisha gari, nikamkalisha bibi wima kiti cha mbele na pakiti yake mkononi amwoneshe daktari. Niliporudi, wateja wawili wameshaondoka wakinung'unika.

Watu hutuona wahesabu vidonge. Ile dakika ya kuuliza "unatumia dawa gani nyengine?" ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo wanayoiona kero.

Adhuhuri ilinipita nimesimama. Chai ikapoa, mkate sikuumaliza. Mchana wote kila mlango ukigongwa moyo unaniruka.

Baada ya magharibi kijana akarudi, mpole. Bibi kalazwa aangaliwe usiku huu, ulimi umeanza kupungua, enalapril imesimamishwa, atapewa dawa ya aina nyengine. Akaniomba nimwandikie jina la dawa iliyomdhuru. Nikachana kipande cha boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: ENALAPRIL, CAPTOPRIL, LISINOPRIL – BIBI ASIPEWE. Akakisoma mara mbili, akakitia mfuko wa kanzu.