Mstari Ulipopinda Makutupora

Bonde la Makutupora liko kaskazini mwa mji wa Dodoma, na kwa miongo mingi visima vyake ndivyo vimeunywesha mji huo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, swali la wataalamu wachache likawa la kila mtu: chini ya ardhi ile kuna maji kiasi gani, na tutoe kiasi gani kwa siku bila maji ya bonde kushuka mwaka hadi mwaka? Kazi ninayoikumbuka ni ya kipindi hicho. Ulikuwa mwezi Septemba, vumbi limetanda, mito imebaki mchanga mtupu, nasi tunapima kisima kipya pembezoni mwa bonde kwa kukisukuma saa 72 mfululizo.

Waliogharimia walitaka saa 24, kwa sababu ya bei ya dizeli. Tulikataa, na leo ningekataa tena. Siku ya kwanza kisima hueleza habari za mwamba unaokizunguka tu. Eneo ambalo maji yameshuka hupanuka kadiri pampu inavyokwenda, na ukingo wa bonde, iwe ni ufa mkubwa wa ardhi au graniti ngumu isiyopitisha maji, hujulikana pale tu eneo hilo linapoufikia.

Maandalizi yalikula muda kuliko jaribio lenyewe. Tulisukuma kwanza kwa hatua nne, kila hatua saa moja na nusu, tukiongeza kiwango cha kusukuma kila mara, ili tujue kiwango ambacho kisima kingekihimili siku tatu bila maji kushuka hadi kwenye pampu. Kisha tukakiacha kitulie hadi maji yarudi kwenye kina chake cha kawaida. Visima jirani vya mji havikuweza kuzimwa, basi tuliomba visukumwe kwa kiwango kilekile usiku na mchana. Kisima jirani kinachowashwa na kuzimwa huharibu vipimo kuliko kile kisichozimwa kabisa. Maji tuliyotoa tuliyapeleka mbali kwa bomba, kuelekea mteremko; ukiyamwaga karibu na kisima kwenye udongo wa kichanga, yanarudi chini na kukudanganya kwamba bonde limejaa.

Ndani ya kisima tulifunga bomba jembamba la plastiki sambamba na bomba la pampu, na waya wa kupimia kina, unaolia ukigusa maji, ukapita humo. Bila bomba hilo waya hujisokota kwenye kebo ya umeme, au maji yanayochuruzika ukutani huugusa nao ukalia kabla haujafika kwenye maji yenyewe.

Tulianza saa 2 asubuhi. Dakika 10 za kwanza unasoma kila dakika, baadaye kila dakika 5, kisha 10, kisha 30, kisha kila saa. Kazi ngumu hasa ni ya mtu wa vali. Maji yakishuka pampu hulemewa na kutoa kidogo, hivyo huna budi kufungua vali taratibu ili mita ibaki palepale. Kiwango kikibadilika zaidi ya asilimia 5, mchoro wako hauna maana. Jenereta ikizimika kwa kichujio cha dizeli kuziba, unasubiri maji yarudi, unaanza upya.

Kwenye karatasi ya logi, ambayo kila muda ukizidishwa kwa kumi husogea hatua ileile, nukta za kina zilikaa kwenye mstari ulionyooka mchana kutwa. Kuelekea saa 10 alfajiri zikaanza kwenda chini ya mstari, na mwenzangu aliyeshika tochi akauliza kama waya umenaswa. Tulikagua mita, tukaangalia vali, tukapima kwa waya wa pili, tukatuma mtu kwenye visima jirani. Hakuna kilichobadilika. Mistari ya visima viwili vya uangalizi, visivyosukumwa bali vya kupimia kina tu, nayo ikaanza kupinda, kila mmoja kwa wakati wake. Kiwango cha kusukuma kisipobadilika na mteremko wa mstari ukawa maradufu, umegusa ukuta, yaani ukingo wa bonde usiopitisha maji.

Hapo ndipo saa 72 zilipolipa. Chukua mfano wa mteremko ambao maji hushuka mita 1 kutoka dakika 100 hadi 1,000, halafu uongezeke maradufu kuanzia dakika ya 1,200. Saa 24 zikitimia tofauti na mstari wa kwanza ni sentimita 8 tu, na mtu mwenye haraka atasema ni kosa la kupima. Saa 72 zikitimia ni sentimita 56. Kwa mwaka mzima wa kusukuma bila mvua ni zaidi ya mita 2 na nusu, na huo ni ukuta mmoja tu. Tulipozima pampu tuliendelea kusoma maji yakipanda, maana hapo hakuna mtikisiko wa pampu, na mpindo ukajirudia vilevile.

Lakini jaribio la kusukuma halisemi ni maji mangapi yanaingia. Kwa hilo Makutupora ina hazina ambayo mabonde mengi ya Afrika hayana: vipimo vya kina cha maji vya zaidi ya nusu karne. Utafiti uliochapishwa 2013 kutokana na rekodi ya miaka 55 ulionyesha kwamba maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997/98, huyapandisha ghafla. Kwa hiyo wastani wa mvua wa kila mwaka haufai kugawa maji haya. Na hata hapo kuna mtego. Maji yakipanda mita 2, ili kujua kiasi kilichoingia unazidisha na sehemu ya mwamba inayoshika na kuachia maji. Ukitumia asilimia 3 unapata milimita 60. Ukitumia 6, milimita 120. Graniti iliyooza hubadilika hivyo kati ya kisima na kisima, na mara nyingi kosa la hesabu nzima ya bonde hutoka hapo.

Tulipendekeza kisima kisukumwe chini ya kiwango tulichokijaribu, kwa hesabu ya mteremko wa pili, si wa kwanza. Kisima kimoja cha uangalizi tulikiwekea mfuniko wa chuma na kufuli, kisifungwe pampu kamwe, na kina chake kisomwe kila wiki, siku ileile, saa ileile.