Mikasi, Mizani na Kilele cha Karafuu

Mwaka 2016 kichapishi cha matokeo katika maabara yetu ya Dar es Salaam kilikufa katikati ya sampuli ya mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba. Kilichora nusu ya kilele, kikanyamaza, karatasi ikabaki inaning'inia.

Kromatografu ya gesi yenyewe, mashine inayotenganisha viambato vya mafuta na kukionyesha kila kimoja kama kilele kwenye mchoro, haikuwa na kasoro; ilikuwa Hewlett-Packard 5890 iliyonizidi umri. Tanuri lilipanda joto kama lilivyoagizwa, naitrojeni ilipita, na ukishika kioo kidogo juu ya ditekta, sehemu inayohisi kila kiambato kikitoka, kilipata ukungu, maana mwali wa haidrojeni unapowaka hutoa mvuke wa maji. Mafuta yakifika kwenye mwali huo huungua na kuzaa chembe zenye chaji. Mkondo wake wa umeme ni mdogo mno, mashine huukuza hadi ukawa volti. Tulichokosa ni kifaa cha kuzisoma hizo volti.

Sampuli kumi na moja zilikuwa zinangoja kwenye friji. Walioleta walitaka kujua kiasi cha yujenoli, kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu, kwa sababu mnunuzi wao alikuwa anapanga bei kwa asilimia hiyo. Nilikuwa fundi sanifu mwenye miaka miwili kazini, na sikulala vizuri wiki ile.

"Shikamoo Mzee. Naomba ruhusa nifungue nyuma ya mashine."

"Marahaba. Chomoa umeme kwanza, mwanangu, halafu unionyeshe kila waya kabla hujaugusa."

Mzee ndiye aliyeipokea mashine ile ikiwa bado kwenye sanduku la mbao. Alikuwa na kitabu chake cha maelekezo, kimefungwa kwa plastiki, na ndani yake tulikuta jibu: waya wa mawimbi, yaani unaotoa hizo volti, una njia mbili, moja ya volti 0 hadi 1, nyingine ya milivolti 0 hadi 1 kwa ajili ya rekoda ya kalamu.

Nilianza na kibao cha Arduino, kompyuta ndogo inayoweza kusoma volti, nilichokuwa nacho nyumbani. Kilisoma, lakini kilisoma kwa ngazi za karibu milivolti 5. Volti 1 nzima inakuwa ngazi mia mbili tu! Yujenoli ilionekana kama mnara, ila vilele vidogo vya pembeni, vya milivolti mbili tatu, vilimezwa kabisa. Na asilimia ya yujenoli huwezi kuijua bila kujumlisha na vile vidogo. Nikaagiza kijisahani cha ADS1115, chipu ya kugeuza volti kuwa namba, ambacho kwenye kipimo cha volti 1.024 hushuka ngazi za mikrovolti 31.25. Kilichukua wiki tano kufika. Nikachomelea waya kwa risasi kwa msaada wa fundi redio wa Kariakoo, kijana mwenye mkono mtulivu kuliko wangu.

Siku ya kwanza mstari ulitetemeka kama mkono wa mgonjwa wa malaria. Nilibadilisha waya, nikabadilisha programu, nikazima feni na taa. Saa kumi jioni plagi ya chaja ikachomoka kwenye soketi ya meza yangu, kompyuta ikabaki kwenye betri, na mbele ya macho yangu mstari ukatulia ukawa kama uzi uliovutwa. Nilipiga kelele hadi Mzee akaja mbio akidhani nimeungua. Kumbe waya wa ethi wa chaja na ule wa mashine walikuwa wamefanya mzunguko, na umeme wa mtaani ulikuwa unazunguka humo. Nikafunga ngao ya waya upande mmoja tu, upande wa mashine, nikapima tofauti kati ya nyaya mbili badala ya kupima dhidi ya kompyuta, na kila nukta nikaifanya wastani wa usomaji mwingi. Nukta kumi kwa sekunde zilitosha, kwani kilele chetu chembamba kabisa kilikuwa na sekunde sita.

Mzee hakuamini bado, na alikuwa na haki. Kwanza kilele cha yujenoli kilikuwa kimekatwa kichwa: juu bapa kama meza, kwa kuwa kilivuka volti 1. Tulipandisha namba ya RANGE, ambayo kila hatua moja hupunguza wimbi kwa nusu, hadi kikapata ncha. Kisha akaingia stoo akatoka na rekoda ya kalamu yenye vumbi, akaiunga kwenye ile njia ya milivolti. Sindano moja ya mafuta, wasomaji wawili.

Baada ya dakika 35 alikata kila kilele kwa mikasi, taratibu, akifuata wino. Hivyo ndivyo walivyopima zamani: karatasi ni sawa kila mahali, kwa hiyo uzito wa kipande ni eneo la kilele. Alizima feni ili mizani isiyumbe, akapima kila kipande hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, akakataa nimsaidie. Nilisimama nikimtazama, na namba yangu nikiwa nimeificha kwenye skrini iliyogeuzwa ukutani.

Akajumlisha kwa penseli, mara mbili.

"Themanini na moja nukta mbili."

Nikageuza skrini. Ilikuwa 81.6.

Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa tena akasoma upya. Kisha akavuta daftari kubwa la maabara, akaandika namba zote mbili kwenye mstari mmoja, ya mikasi kwanza, na pembeni yake jina langu.

"Sampuli ya pili iko wapi?" akauliza. "Itoe kwenye friji ipate joto la chumba."