Montserrat: mimi na kamera, yeye na nia zake

Kwenye treni ya R5 kutoka Plaça Espanya, Barcelona, abiria walijulikana mapema: wenye viatu vya kupandia milima upande huu, wenye rozari upande ule. Familia yetu ilikuwa na vyote viwili. Mke wangu ni Mkatoliki aliyelelewa na masista. Mimi ni Mlutheri wa Machame, na kwa Bikira Maria sikuwa nimebeba kitu ila kamera.

Baada ya saa moja hivi unafika chini ya Montserrat, mlima wenye abasia (nyumba ya watawa) na sanamu maarufu ya Bikira Maria. Kupanda kuna njia mbili: kigari cha kuning'inia kwenye kebo, kilichoanza kazi mwaka 1930, au Cremallera, kitreni kinachopanda kwa gurudumu la meno. Kila kimoja kina stesheni yake, kwa hiyo amua kabla ya kukata tiketi. Mama Neema alishasema haning'inii popote, tukapanda Cremallera.

Miamba ya Montserrat imesimama kama vidole vya mtu anayekataa jambo. Kilele chake, Sant Jeroni, kina mita 1,236, na mtu wa Machame ana haki ya kutabasamu. Ila ukiona abasia ilivyobanwa chini ya majabali yale, tabasamu linakwisha.

Watawa Wabenediktini wako pale tangu karne ya 11, walipoletwa na abate Oliba. Hata hivyo usitegemee kuta za umri huo. Askari wa Napoleon walipachoma na kupabomoa mwaka 1811 na 1812, na mengi unayoyaona yamejengwa baadaye. Uwanja wa mbele una mgahawa, duka la zawadi na makundi yanayofuata vibendera vya waongozaji. Kusema kweli, saa tano asubuhi pale pana kelele za stendi.

Ndani ya kanisa, foleni ya kwenda kwenye sanamu ya Bikira Maria inapita upande wa kulia, kisha ngazi zenye picha za vijiwe vya rangi za watakatifu wanawake. Sanamu yenyewe, La Moreneta, ni ya mti, ya karne ya 12, na haifiki hata mita moja. Nguo za dhahabu, uso na mikono myeusi. Inaelezwa kuwa rangi ilikolea kwa miaka na moshi wa mishumaa, baadaye ikapakwa nyeusi kabisa. Mwaka 1881 Papa Leo XIII alimtangaza kuwa msimamizi wa Katalunya, jimbo hili la Hispania. Yuko nyuma ya kioo, lakini kioo kimetobolewa mahali pamoja, na mkono wake wa kulia umeshika tufe linalojitokeza nje. Hapo ndipo watu wanapogusa.

Mbele yetu bibi mmoja aliweka kiganja juu ya tufe, akafumba macho. Kijana aliyemfuata akaligusa huku anajipiga picha. Wote walipewa sekunde zilezile. Zamu ya mke wangu ilipofika aligusa kwa vidole vitatu, midomo ikicheza. Nia za kuombea zilikuwa nyingi, maana kuanzia mama mkwe hadi majirani wa Tabata walishamtuma. Nikashusha kamera. Na mimi nikagusa, Mlutheri mzima. Mti ni laini na wa baridi.

"Umeomba nini, Baba Neema?"

"Foleni ya chakula iwe fupi."

Saa saba mchana kwaya ya wavulana, Escolania, iliimba *Salve Regina*. Wanasoma palepale, na habari za kwaya hiyo zinarudi nyuma hadi karne ya 14. Ni dakika chache tu. Sauti zile hazina mtetemo wa kujionyesha. Zinapanda moja kwa moja. Mke wangu alikuwa anafuatisha chini chini kwa Kiswahili, "Salamu Malkia, mama mwenye huruma", na walinzi wakizunguka kuomba simu zishushwe.

Njia ya kutokea kanisani ina safu ndefu ya mishumaa ndani ya vikombe vya rangi: nyekundu, bluu, kijani. Tuliwasha wa mama mkwe, nao ukapigwa picha kama ushahidi.

Nje, kandokando ya barabara, wakulima wanauza jibini, asali na tini kavu, na wanakuonjesha bila kukuhimiza. Wenyeji hula *mató*, jibini laini isiyo na chumvi, kwa asali. Mama Neema alionja meza tatu, akarudi ya kwanza, akaomba apunguziwe. Muuzaji hakujua Kiswahili wala yeye Kikatalani, lakini bei ilishuka.