Siku moja na Corolla ya 1996 kwenye mlima wa Riat

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mtaa wa Migosi, Kisumu. Kabla sijanawa uso huivuta ile kadibodi ninayoilaza chini ya gari kila usiku. Gari la umri huu husema kwa matone. Tone jeusi ni oili ya injini. Tone la manjano karibu na gurudumu huenda ni la breki, na hilo nikiliona siendi popote. Leo kuna moja jeusi, lile lile la tangu mwaka jana. Tumezoeana.

Ni Corolla wagon, injini ya 5A, kilomita 312,000 na ushei. Nasambaza sare za shule kutoka Kisumu hadi Kakamega, na faida ya sweta haitoshi kumlipa fundi kila wiki. Ndiyo maana nilishika spana.

Napima oili, naangalia maji ya rediata injini ikiwa baridi, nafunga boneti.

Saa moja na nusu, nimeshapita Mamboleo. Pale barabara inapoanza kupanda Riat, lori la mchanga likanitangulia, tukawa tunatambaa gia ya pili. Mshale wa joto ukaondoka katikati. Nikafungua heta hadi mwisho na madirisha yote manne. Kwa joto la Kisumu ni kujitesa, lakini heta ni rediata ndogo: inanyonya moto kutoka kwa injini na kukumwagia miguuni. Mshale ukapunguza mbio. Nikatafuta mahali pa kuegesha.

Kondakta wa matatu akapiga kelele akipita: "Mzee, chai imeiva?"

Kifuniko cha rediata sikukigusa. Maji yakiwa wazi huku kwetu kwenye mwinuko huchemka kwenye digrii kama 96, lakini chini ya kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani shinikizo kinalolizuia, yanaweza kupita 110 bila kuchemka. Ukifungua, yote yanachemka kwa mpigo mmoja, usoni mwako.

Maji hayakuwa yamepungua. Hakuna paipu iliyopasuka. Ila feni ya kupoza rediata ilikuwa imenyamaza, na injini moto vile! Kwenye Toyota hizi ukichomoa soketi ya swichi ya joto, ile inayoiwasha feni, huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka yenyewe. Nikachomoa. Kimya. Fyuzi nzima. Taa ya kupimia ikaonyesha umeme unafika kwenye mota ya feni. Basi mgonjwa ni mota. Nikaigonga mgongoni kwa mpini wa bisibisi, taratibu, mara mbili. Ikaamka.

Mota inayoamka kwa kugongwa, mara nyingi kaboni zimeisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ile soketi nikaiacha hivyo hivyo ili feni izunguke bila kupumzika, maana ikilala huenda isiamke tena.

Miaka miwili iliyopita gari hili hili lilichemka, fundi mmoja akatoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rediata hadi injini ipate joto, akaitupa. "Hizi ni za baridi ya Japani, huku hazina kazi." Nilimwamini. Tangu hapo injini ilichukua muda mrefu kupata joto lake, petroli ikaisha upesi, na kuchemka kukarudi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa rediata iliyoziba kutu ya maji ya bomba. Nilinunua themostati ya digrii 82, nikaijaribu nyumbani kwenye sufuria ya maji jikoni, nikaiona ikifunguka kwa macho yangu, ndipo nikaifunga. Siku hizi naweka kulanti, maji ya dawa ya kuzuia kutu. Yule fundi simlaumu sana. Aliniponya tabia ya kukubali kitu kitolewe kabla sijaambiwa kimekosa nini.

Saa nne hadi saa nane: Mbale, Chavakali, Kakamega. Sweta za kijani zimeisha, za maruni hakuna anayezitaka. Kurudi ni mteremko, gia ya tatu, mguu mbali na breki.

Saa kumi, soko la Kibuye, Kisumu. Mwenye duka la spea alitaka shilingi 2,500 kwa mota iliyotumika. Nikamuomba kaboni tupu. "Omera, hizo hakuna mtu huuliza." Nikazipata kwa muuza vifaa vya drili, jozi shilingi 150, nene kidogo kuliko za zamani.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimeng'oa waya hasi wa betri kwa spana namba 10, feni iko mezani. Binti yangu anashika tochi, anamulika kila mahali isipokuwa ninapotazama. Nikainua vijisikio vinavyobana mota, nikazikuta kaboni zimebaki kama ukucha. Hizi mpya nikazisugua kwa msasa hadi zikateleza ndani ya vyumba vyake bila kukwama. Ile shaba ya duara zinapokanyaga nikaipitishia msasa laini, nikakwangua vumbi jeusi kwenye mifereji yake kwa sindano. Kulehemu mikia ya waya ndiko kulikonitoa jasho. Mara ya kwanza risasi ilikataa kushika.

Saa tatu usiku. Soketi imerudi mahali pake, injini inanguruma, mshale uko katikati. Tukangoja. Mama watoto akatoka kuuliza kama chakula kitaliwa leo au kesho. Kisha feni ikawaka yenyewe, ikapuliza kama dakika moja, ikajizima.

Kadibodi iko chini. Breki ya mbele kushoto imeanza kulia nikikata kona. Hiyo ni ya Jumamosi.