Goti lolote

Koito ya shemeji mdogo, ile sherehe ya Wakalenjin ya kupatana mahari, imepita salama, ng'ombe wamekubaliwa wote isipokuwa ndama mmoja aliyeambiwa amekonda, na mwenye nyumba ya kliniki ameongeza kodi kama alivyotishia. Hayo nitayaandika nikitulia. Leo nina maneno ya Shemeji mkimbiaji, na hayaniachi.

Alikuja jioni kliniki ninakofanya fizio, kazi ya kutibu viungo na misuli, wagonjwa wameisha. Nikadhani anataka kukandwa, maana kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya mbio za uwanjani, na yeye hupenda kuamka na miguu miepesi. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Hata viatu hakuvua.

"Shemeji, niandikie goti."

"Goti gani?"

"Lolote. Chagua wewe."

"Meneja ataomba picha."

"Basi niandikie kitu kisichoonekana kwenye picha."

Tukacheka. Yeye alicheka kidogo, mimi nikacheka mpaka dada wa mapokezi akachungulia. Nilipofika nyumbani nikaanza kumsimulia mke wangu kama kichekesho, na kabla sijafika kwenye picha nikaona yeye hacheki. Ni ndugu yake. "Lolote?" akaniuliza. "Alisema lolote?"

Mnamkumbuka, ndiye yule aliyeimaliza kreti ya soda peke yake kwenye harusi yetu. Desemba ana marathoni Ulaya, na barua ya goti bovu ingemtoa. Mkimbiaji wa daraja lake hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, tatu akijikaza sana, kwa hiyo kuacha moja ni kuacha nusu ya mapato. Na hayo mapato yana wenyewe: karo za watoto wa kaka yake, asilimia ya meneja, nyumba ya mama mkwe iliyosimama kwenye linta tangu mwaka jana. Miguu yake naijua vizuri kuliko yangu. Haijapata kuwa mizuri kama msimu huu. Goti lake la kulia ningeweza kulipeleka maonyesho ya kilimo likapata tuzo.

Shida ni kwamba hapati usingizi. Yumo kwenye orodha ya wanaopimwa dawa wakati wowote, na kila siku lazima aandike muda wa dakika sitini na mahali ambapo akitafutwa atapatikana. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 unaweza kufungiwa, hata kama damu yako ni safi kama maji ya chemchemi. Yeye alichagua saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa ndipo anapotoka kwenda mazoezini. Sasa saa nane za usiku yuko macho anasikiliza lango. Lori likipunguza mwendo barabarani, anakaa kitako. Wapimaji hawajawahi kumkosa hata mara moja. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo maana."

Hata hilo nalo nimelirudia sana.

Nimefanya kazi hii Eldoret tangu nitoke Kilifi, na kila msimu huwapata wawili watatu ambao maumivu yao yanahama. Jumatatu ni goti, Alhamisi baada ya mbio ndefu ni nyonga, wiki ijayo ni nyama za paja. Nashika, nabonyeza, naona hamna kitu, nampa mazoezi ya kunyoosha namwambia arudi. Tangu jioni ile najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wakiomba goti, ila hawakuwa na fizio aliyemwoa dada yao kwa hiyo wakashindwa kulitamka.

Kwa maana kambini mambo ni hivi: ukisema msuli umeshika, huyu analeta barafu, yule anakupikia chai, kocha anakupangia wiki nzima ya kupumzika. Ukisema asubuhi unashindwa kuamka na huoni sababu ya kukimbia, unaambiwa pesa zimekulevya. Au mtu anaitaja Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa utani, na wote wanacheka, nawe unacheka nao ili yaishe.

Nilimkumbusha habari za Kipchoge, bingwa wetu wa marathoni. Kiptum alipofariki kwenye ajali ya gari Februari 2024, miezi michache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya marathoni, ile 2:00:35 ya Chicago, watu mitandaoni walimgeukia Kipchoge wakamsingizia kifo cha kijana wa watu, bila ushahidi wa aina yoyote. Mwezi uliofuata akakimbia marathoni ya Tokyo, akawa wa 10, nafasi ya chini kuliko zote alizokuwa ameshika kwenye marathoni hadi siku hiyo. Huku kwetu mabarazani hukumu ilitoka siku hiyohiyo: amezeeka. Baadaye mwenyewe aliwasimulia BBC kwamba kabla ya Tokyo alikuwa na siku tatu hajalala, kwamba karibu asilimia 90 ya marafiki wamempotea, na kwamba ilibidi watoto waache kwenda shule kwa baiskeli. Agosti, kwenye Olimpiki ya Paris, akasimama baada ya kilomita 30 mgongo ukimuuma, akawagawia mashabiki viatu. Pole za mgongo zilimiminika. Za usingizi sizikumbuki. Mtu aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili Vienna hajalala siku tatu, nasi tunahesabu miaka yake!

"Kipchoge alikuwa na mgongo," Shemeji akasema.

Nikamwambia basi mchukue Simone Biles, yule Mmarekani wa jimnastiki. Tarehe 27 Julai 2021, fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo, aliruka mara moja, angani akapoteza mwelekeo asijue juu wala chini, akatua na kujitoa. Angesema kifundo cha mguu, nani angembishia? Alisema wazi ni akili, na matusi aliyoyapata mnayakumbuka. Kabla michezo ile haijaisha akarudi akapata shaba kwenye boriti, na Paris akabeba dhahabu tatu.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mchungaji.

"Biles ana Marekani nyuma yake," akasema. "Mimi nina wewe."

Siku ile nilikasirika, na hata sasa sijui nilimkasirikia nani. Goti sikuandika. Badala yake nilimpigia daktari tuliyesoma naye, akamwona kesho yake, akakaa naye muda mrefu mlango umefungwa, akampa na mshauri nasaha wa kumwona kila wiki. Barua ameiandika yeye daktari: usingizi umevurugika, ana msongo mzito, Desemba asishindane, Januari aangaliwe upya. Mistari minne. Mguu haukutajwa popote. Shemeji aliisoma mara kadhaa, akasema huo ndio mwisho wake, akaituma.

Alhamisi akaja kwetu jioni, anatembea haraka, simu ameinyoosha mbele. Meneja amejibu.

"Pole sana, apone haraka. Ni mguu upi?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kile si kicheko cha kule kliniki. Watoto wakamrukia bila kujua kinachochekwa, mke wangu akafuta machozi kwa leso, na mimi niliyekuwa nimepanga kukasirika nikashindwa. "Mwambie wa kushoto," nikasema. "Hapana," akasema, "asome tena." Akamrudishia barua ileile, bila neno la ziada. Ikajibiwa usiku: sawa, tutaongea Januari, lala. Nusu ya mapato imekwenda, hilo halijabadilika, na mama mkwe bado hajaambiwa. Atakayemwambia ni mke wangu, tumeshapiga kura.

Kisha akatoa simu tena akabadilisha mahali pa kupatikana, akaweka kwetu, saa ileile ya alfajiri, akalala kwenye kochi kabla ugali haujaiva. Taarifa ya habari nimeikosa kwa ajili yake. (Ameisoma hii kabla sijaiweka, ameondoa jina la mbio tu.)

Sasa mahindi. Tumekata na kusimamisha kule Moiben tangu wiki iliyopita, na mvua iliyotakiwa kuisha haijaisha. Yaliyo chini yameanza kushika ukungu, nimeyaona Jumamosi. Mwenye mashine ya kupukuchua amekula arubuni na tangu jana hashiki simu. Kuna msomaji wa upande huo anayemjua mwingine?