Skrini tupu ya mgeni

Leo mgeni wangu ameniomba kompyuta ili atume barua pepe moja tu.

Mwezi uliopita nilimwachia mwingine akaunti yangu mwenyewe, kisha nikakuta nywila yake imehifadhiwa kwenye kivinjari changu, na aibu ikawa yangu.

Safari hii, kwa kuwa akaunti maalumu ya wageni (Guest) iliondolewa kwenye mfumo wa kompyuta wa Windows tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2015, nilimfungulia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, na alipomaliza nikaifuta pamoja na mafaili yake yote.

Mwanzoni, alipoiona skrini tupu ya akaunti ile mpya, aliniuliza kwa upole, “Kwani picha zako umezificha?”

Nilikosa jibu.

Wenzangu, ninyi mngemjibu nini?